Maumivu ya mbavu: kufunga kifua au kukiacha wazi, baridi au moto, parasetamoli au diklofenaki

Mtu aliyeumia mbavu mjini Goma hupewa ushauri mwingi kabla hajafika kwa mganga. Jirani humwambia ajifunge kitenge kifuani, mwenye farmasi humpa vidonge vya rangi mbili ndani ya kikaratasi kisicho na jina, shangazi huleta mafuta ya kuchua, na wenzake wa kazini humshauri alale chali bila kujitikisa mpaka mfupa ushike. Wote hao wanamtakia heri, lakini ushauri wao hauna manufaa sawa, na sehemu yake inaweza kumfanya aliyeumia mbavu awe mgonjwa wa mapafu. Katika ulinganisho huu nitaziweka njia hizo moja kando ya nyingine na kuzipima zote kwa kipimo kimoja: je, njia hii inamwezesha mgonjwa kuvuta pumzi kamili na kukohoa? Njia inayotuliza maumivu huku ikiibana pumzi nitaihesabu kuwa imeshindwa, hata ikiwa ni ya bei nafuu na wazee wetu waliipenda.

Kipimo hicho kinatokana na jinsi kifua kilivyoumbwa. Tuna jozi 12 za mbavu: jozi 7 za juu zimeungana na mfupa wa kidari kwa gegedu, 3 zinazofuata zimejishikiza kwenye gegedu la zile za juu yake, na 2 za mwisho hazifiki mbele kabisa. Mkono uliovunjika hufungwa plasta ukatulia, lakini kifua hufanya kazi kama mvukuto wa mhunzi usioruhusiwa kusimama. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, kwa hiyo hata kwa hesabu ya chini mbavu zake husogea zaidi ya mara 17,000 kwa siku. Anapoumia huanza kuvuta pumzi fupi ili asichomwe, na huogopa kukohoa. Makohozi hubaki chini ya mapafu, sehemu za pafu husinyaa kwa kukosa hewa, vijidudu huzaliana humo, na baada ya siku chache homa ya mapafu inaanza. Mara nyingi mfupa wenyewe ungepona bila msaada wa mtu yeyote. Kinachomhatarisha mgonjwa ni pafu lililoachwa bila hewa.

Kubaki nyumbani au kwenda hospitali

Uamuzi huu unatangulia mengine yote. Wengi wa wanaoumia mbavu hapa kwetu ni motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, aliyeteleza kwenye barabara ya mawe ya volkano, kijana wa chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) aliyegongwa kifuani na usukani akishuka na viazi kutoka Kibumba, mama aliyeanguka akiwa na bidoni, yaani dumu, la maji mgongoni, au mzee aliyejikwaa ndani ya nyumba gizani. Wengi wao wana mchubuko wa misuli au ufa katika ubavu mmoja, na hali hizo mbili hutunzwa karibu kwa namna moja: dawa ya maumivu, pumzi ndefu, mwendo wa kiasi na subira. Mchubuko na ubavu uliovunjika hupata nafuu kati ya wiki 2 na 6, na mfupa uliovunjika huhitaji takriban wiki 6 ili kuunga, ingawa maumivu madogo yanaweza kuendelea zaidi ya hapo.

Hata hivyo zipo dalili zinazoondoa uhuru wa kuchagua. Anayeishiwa na pumzi akiwa ameketi, anayekohoa damu, mwenye midomo iliyobadilika rangi, anayesikia maumivu yakienda kwenye bega, mkono au taya, au ambaye sehemu ya kifua chake inaingia ndani wakati sehemu nyingine inatoka nje, huyo hapaswi kusubiri asubuhi. Ni vivyo hivyo kwa aliyepigwa risasi au kuchomwa kisu, hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Apelekwe kwenye hospitali yenye wapasuaji, kama vile Hospitali ya Mkoa wa Kivu Kaskazini, HEAL Africa au CBCA Ndosho, na asipitishwe kwanza kwenye kituo kidogo kwa sababu tu kiko karibu.

Jambo moja ningependa kila familia ilijue, kwa sababu tunaishi katika nchi ya malaria. Chini ya mbavu za kushoto, kwenye ubavu wa 9 hadi wa 11, kuna wengu, na chini ya mbavu za kulia kuna ini. Malaria ya mara kwa mara hulifanya wengu livimbe, na wengu lililovimba hupasuka kwa pigo ambalo mtu mwingine angelistahimili. Damu inaweza kuvuja polepole, hivi kwamba aliyeanguka mchana akatembea hadi nyumbani na kula chakula chake anaanza usiku kusikia kizunguzungu, tumbo linakuwa gumu, jasho la baridi linamtoka, na bega la kushoto linamuuma ingawa halikuguswa. Maumivu hayo ya bega yanatokana na damu inayousumbua msuli wa kupumulia uliotandazwa chini ya mapafu. Aliyeumia mbavu za chini aangaliwe na mtu usiku kucha, na dalili hizo zikitokea asipewe kidonge kingine, apelekwe hospitali.

Kuhusu picha, watu wengi huamini kwamba bila kupigwa radio hawajatibiwa. Picha hiyo ya eksirei haionyeshi mbavu zote zilizopasuka. Nyufa nyingi hupita bila kuonekana, hasa siku za kwanza na hasa kwenye gegedu, ambalo picha hiyo hailioni. Manufaa yake makubwa ni kuonyesha kama hewa au damu imeingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, na kama homa ya mapafu imeanza. Kwa tumbo lenye shaka, ekografi (picha ya mawimbi ya sauti, ultrasound) ndiyo inayoweza kuonyesha damu iliyomwagika ndani. Kwa kijana anayeumia mahali pamoja tu, anayepumua vizuri, na ambaye muuguzi amemsikiliza mapafu kwa makini pande zote mbili, naona ni sahihi kuzitumia fedha chache alizo nazo kununua dawa badala ya picha. Kwa mzee aliyepita miaka 65, kwa mwenye mbavu kadhaa zinazouma, kwa mwenye pumu au ugonjwa wa mapafu, na kwa yeyote anayehema, picha si anasa. Mtoto naye ana hukumu yake: mbavu za mtoto hupinda kabla ya kuvunjika, kwa hiyo ubavu uliovunjika kwake unamaanisha kwamba pigo lilikuwa kubwa sana, na daktari anapaswa kumchunguza mwili mzima na kuuliza kwa upole nani au nini kilichompiga.

Kufunga kifua au kukiacha wazi

Hapa ndipo maoni yangu yanapopishana zaidi na yale yanayosikika mitaani. «Mama, mfunge kifua, mfupa ushike,» ndiyo sentensi ya kwanza ambayo kila aliyeanguka husikia, na anayeisema hasemi upuuzi, kwa kuwa zamani hata waganga wa hospitalini walifunga vifua kwa bandeji pana. Mgonjwa aliyefungwa kwa nguvu husikia nafuu mara moja, maana ubavu umezuiwa kusogea. Tatizo ni kwamba kilichozuiwa ni pumzi yenyewe. Upande uliofungwa haujai hewa, makohozi hayatoki, na nafuu ya siku ya kwanza hulipiwa kwa homa ya siku ya nne au ya tano. Kwa sababu hiyo waganga wameacha kufunga vifua, na mwongozo wa sasa unakataza jambo hilo waziwazi.

Kuacha kifua wazi kunauma zaidi mwanzoni, na hilo halifai kufichwa. Lakini kuna njia ya kupata msaada wa kitenge bila madhara yake. Kitenge hichohicho kikunjwe mara kadhaa kiwe kigumu kidogo, au uchukuliwe mto mdogo, na mgonjwa akiegemeze kwa mikono miwili juu ya mahali panapouma anapotaka kukohoa, kupiga chafya, kucheka au kuinuka kitandani. Kifua kinategemezwa kwa sekunde zile chache zinazouma, kisha kinaachwa kipumue. Kati ya mambo yote ninayoyalinganisha hapa, hili ndilo la bei ndogo zaidi na lenye faida kubwa, na ni rahisi kumfundisha hata bibi asiyesoma.

Wapo pia waunga mifupa wa kienyeji, ambao watu wetu wanawaheshimu, na wengi wao wana mikono yenye uzoefu wa viungo vilivyoteguka. Kwa mbavu, hata hivyo, nisingewashauri wagonjwa kuwaendea. Ubavu hauhitaji kuvutwa wala kurudishwa mahali pake kwa mkono. Ncha ya mfupa uliovunjika ikisukumwa ndani inaweza kutoboa pafu. Kuchua kwa nguvu siku za kwanza kuna hatari hiyohiyo. Chale na chuku vinaongeza jeraha la ngozi juu ya jeraha la mfupa, na wembe uliotumiwa kwa mtu mwingine unaweza kuleta homa ya ini, virusi vya ukimwi au pepopunda. Kupaka mafuta ya mnanaa kwa upole, bila kukandamiza, hakudhuru. Kunaburudisha ngozi, na mgonjwa anayependa anaweza kupaka.

Kulala au kutembea

Kulala kitandani mchana na usiku ni pumziko la uongo, kwa sababu mapafu ya mtu aliyelala chali hufunguka kidogo kuliko ya aliyeketi. Mgonjwa aketi, asimame, atembee ndani ya ua mara kadhaa kwa siku, na kila saa akiwa macho avute pumzi 10 ndefu za polepole kupitia puani, azishike kidogo, azitoe taratibu mdomoni, kisha akohoe mara moja au mbili akiwa ameshika mto wake. Usiku alale nusu ameketi, akiegemea mito au magunia yaliyokunjwa vizuri, walau kwa siku za kwanza. Wengine hushangaa kugundua kwamba wakilalia upande unaouma wanapata nafuu kuliko wakilalia upande mzima; kama ni hivyo, hakuna ubaya, mradi pumzi haibanwi.

Kutembea hakumaanishi kubeba. Bidoni la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na kulinyanyua, kufua nguo nzito, kukata kuni au kusukuma chukudu kunavuta misuli ileile iliyojishikiza kwenye mbavu. Katika nyumba ambamo mama ndiye anayechota maji, dawa ya kwanza ni mtu mwingine kuchukua kazi hiyo. Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu akina mama wengi hurudi kwenye bidoni siku ya tatu, kisha watu wakashangaa kwa nini maumivu yamefika mwezi wa tatu.

Baridi au moto

Swali hili lina jibu fupi: baridi kwanza, moto baadaye. Katika saa 48 za mwanzo baridi hupunguza uvimbe na kutia ganzi kidogo. Tumia mfuko wa maji yaliyoganda, kama ile inayouzwa kwenye maduka yenye friza, uufunge kwa kitambaa ili usichome ngozi, uuweke kwa dakika 15 hadi 20, na urudie baada ya saa chache. Umeme ukikatika, kitambaa kilicholoweshwa kwa maji baridi kinasaidia, ingawa kwa kiwango kidogo. Baada ya siku 2 au 3, misuli iliyokaza kwa kujilinda ndiyo inayouma kuliko jeraha lenyewe, na hapo chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo hufaa zaidi. Usilale ukiwa umeikumbatia, kwa kuwa ngozi huungua polepole bila mtu kujua, na usiiweke juu ya mahali ulipopaka jeli ya dawa.

Parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki au tramadoli

Dawa ya maumivu si starehe kwa aliyeumia mbavu. Ndiyo inayomfungulia njia ya kuvuta pumzi kamili, na anayejikaza kiume bila dawa huku akipumua kwa nusu kifua anajidhuru. Kwa siku za kwanza ni bora kumeza dawa kwa saa zilizopangwa kuliko kusubiri maumivu yamlemee, na zoezi la pumzi lifanywe nusu saa hadi saa moja baada ya kumeza.

Parasetamoli ndiyo ningeiweka ya kwanza kwa karibu kila mtu. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi anaweza kumeza gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, na asipite gramu 4 kwa saa 24. Mwembamba sana, mwenye ugonjwa wa ini na mnywaji wa pombe wanahitaji kipimo kidogo zaidi, kwa ushauri wa muuguzi. Haidhuru tumbo, mjamzito anaweza kuitumia, na inaweza kuunganishwa na dawa za familia nyingine. Udhaifu wake ni kwamba kwa ubavu uliovunjika mara nyingi haitoshi peke yake, na hatari yake ni wepesi wa kuzidisha, kwa kuwa imefichwa ndani ya dawa nyingi za mafua na homa.

Ibuprofeni inafanya kazi mahali penyewe penye uvimbe, na ikiungana na parasetamoli matokeo huwa mazuri kuliko kila moja ikiwa peke yake. Bila agizo la daktari kipimo cha mtu mzima ni miligramu 200 hadi 400 mara 3 kwa siku, pamoja na chakula, jumla isizidi miligramu 1,200. Diklofenaki ni ya familia hiyohiyo. Kipimo chake cha kawaida ni miligramu 50 mara 2 au 3, na jumla isizidi 150. Wengi huiona kuwa kali zaidi, na kweli huwasaidia baadhi ya watu, lakini ni nzito zaidi kwa moyo na mishipa ya damu. Mimi ningechagua ibuprofeni kwa siku chache, na diklofenaki ningeiacha mikononi mwa anayeandika agizo. Dawa zote mbili zinakatazwa kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kwa mjamzito, hasa mimba inapopita nusu. Mwenye pumu na mwenye shinikizo la damu waulize kwanza.

Kosa ninaloliona kuwa la hatari katika farmasi zetu ni kuunganisha ibuprofeni na diklofenaki katika kikaratasi kimoja kana kwamba zinasaidiana. Hizo ni ndugu wa baba na mama mmoja: faida haiongezeki sana, ila tumbo na figo hubeba mzigo mara mbili, na mtu anaweza kutapika damu akidhani ameumia ndani. Zipo pia tembe ambazo kiwandani zimechanganywa parasetamoli na diklofenaki au ibuprofeni, na anayemeza hizo kisha akaongeza parasetamoli ya kawaida hajui tena amefika gramu ngapi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza, «Docta, dawa hii inaitwaje, na ina miligramu ngapi?» na kuondoka bila kununua kama hajajibiwa.

Sindano ya diklofenaki nayo inaombwa sana, kwa imani kwamba sindano inashinda kidonge. Inaanza kazi mapema kidogo, lakini kwa mtu anayeweza kumeza haitoi faida ya kudumu, na ikidungwa vibaya kwenye kalio inaweza kuleta jipu au kuugusa mshipa wa fahamu ukaacha mguu unaoburuta. Kwa maumivu yatakayodumu wiki kadhaa, kidonge kinashinda. Jeli ya diklofenaki inayopakwa ni chaguo jema kwa mtu mwenye tumbo dhaifu na maumivu ya juujuu, kwa sharti kwamba ngozi haina kidonda. Kwa mfupa uliovunjika haitoshi.

Tramadoli iko upande mwingine kabisa. Ina nguvu, na hospitalini inaweza kumsaidia mwenye mbavu kadhaa zilizovunjika apite siku za mwanzo. Lakini inaleta usingizi na kichefuchefu, inaweza kuamsha kifafa, inatia uraibu, na ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi hupunguza pumzi yenyewe, ambayo ndiyo tuliyokuwa tunajaribu kuilinda. Inafunga pia choo, na kujikamua chooni ukiwa na ubavu uliovunjika ni mateso. Motari aliyemeza tramadoli hapaswi kushika usukani. Vijana wanaoinunua bila agizo ili wabebe mizigo bila kusikia uchungu wanauzima mlio wa tahadhari ambao mwili unautoa. Kwa mzee mwenye mbavu nyingi zilizovunjika, kama hospitali ina mtaalamu wa ganzi, ningeuliza kuhusu sindano ya ganzi inayowekwa kando ya mshipa wa fahamu unaopita chini ya kila ubavu: inamwezesha kukohoa kwa saa kadhaa akiwa na akili timamu, ingawa inahitaji mkono uliofundishwa kwa sababu pafu liko karibu.

Dawa ya maji ya kuzuia kikohozi haifai kwa mwenye makohozi. Akohoe ayatoe. Kikohozi kikavu kinachomnyima usingizi ni suala jingine, nalo litazamwe na muuguzi.

Pasipo pigo wala kuanguka

Mara nyingi maumivu ya mbavu huja yenyewe, na hapo kinacholinganishwa ni chanzo kabla ya dawa. Kama mahali panapouma ni pale ubavu unapokutana na mfupa wa kidari, hasa kuanzia ubavu wa 2 hadi wa 5, na ukipabonyeza kwa kidole unasikia maumivu yaleyale, huenda ni uvimbe wa gegedu. Hauna hatari, unaweza kudumu wiki au miezi, na unatulizwa kwa ibuprofeni, joto na kunyoosha kifua taratibu. Maumivu ya moyo huwa kama uzito unaokandamiza katikati ya kifua, huzidi kwa kupanda mlima au kubeba mzigo, huenda na jasho na kichefuchefu, na kwa kawaida hayaongezeki kwa kidole. Lakini mtu aliyepita miaka 40, mwenye kisukari au shinikizo la damu, asijipime kwa kidole chake mwenyewe akaridhika, achunguzwe.

Kichomi kinachozidi kila unapovuta pumzi, pamoja na homa na kikohozi, kinaelekea kuwa homa ya mapafu, na hicho kinahitaji antibiotiki za kituo cha afya, si mafuta ya kuchua. Kichomi cha ghafla pamoja na kuishiwa na pumzi bila homa, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni, mtu aliyefanyiwa upasuaji au ambaye mguu wake mmoja umevimba, kinaweza kuwa donge la damu lililosafiri hadi kwenye mapafu, na ni safari ya hospitali bila kuchelewa. Kikohozi kilichopita wiki 2, jasho la usiku na kukonda vinadai kipimo cha kifua kikuu, ambacho matibabu yake nchini mwetu hutolewa bure. Kikohozi kirefu cha namna hiyo, au kile kinachotokana na moshi wa makala (makaa) katika jikoni isiyo na dirisha, kinaweza kuupasua ubavu bila mtu kuanguka popote; kumpa mgonjwa dawa ya ubavu huku jiko likiendelea kufuka ndani ni kazi isiyo na mwisho.

Maumivu ya kuungua yanayozunguka upande mmoja tu wa kifua kama mkanda, ambapo hata shati likigusa linauma, yanaweza kuwa zona, yaani mkanda wa jeshi, hata kama malengelenge hayajatokea bado. Huyatangulia malengelenge kwa siku kadhaa. Dawa ya kupambana na virusi vyake inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 baada ya malengelenge kuonekana, kwa hiyo aliyeona lengelenge la kwanza asingoje Jumatatu. Kijana aliyepata zona ashauriwe pia kupima virusi vya ukimwi, kwa kuwa zona huwa mara nyingi ishara kwamba kinga ya mwili imepungua.

Mama mwenye mimba kubwa ambaye mbavu zake zinasukumwa na tumbo hahitaji ibuprofeni wala chai za mizizi. Aketi wima, alalie upande wa kushoto akiwa na mto chini ya tumbo, atumie parasetamoli ikibidi. Lakini maumivu ya chini ya mbavu za kulia yakija pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu na uso kuvimba, hiyo ni dalili ya shinikizo la damu la mimba, na mkunga amwone siku hiyohiyo.

Kurudi kazini

Mwenye ofisi au meza sokoni anaweza kurudi baada ya siku chache, akisimama na kuvuta pumzi kila saa. Motari na mwenye chukudu hawako sawa naye. Barabara zetu hutikisa kifua kizima, na anayeendesha kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili unalinda ubavu anahatarisha pia abiria aliyempakia. Badala ya kuhesabu siku peke yake, ajipime hivi: akohoe kwa nguvu bila kushika mto, ajigeuze kitandani pande zote mbili, avute pumzi mpaka mwisho, kisha anyanyue bidoni lililojaa nusu. Kimoja kati ya hivyo kikimchoma, bado. Vyote vikipita, aanze na safari fupi za mchana kwenye barabara ya lami, na mwenye chukudu aanze na nusu ya mzigo kwenye njia tambarare kwa wiki moja kabla ya kupanda tena kuelekea Kibumba. Maumivu yasiyopungua hata kidogo baada ya wiki 6, au yaliyokuwa yamepungua yakarudi pamoja na homa, yanamrudisha kwa mganga, na safari hii aombe picha.